Mizeituni Haimo Kwenye Fomu

Jumatatu, 3 Novemba. Tunis.

Chedli Makni, mbunge wa upande wa Sfax na mwenyekiti wa kamati ya kilimo, aliwaita waandishi leo saa nne na kutugawia nakala za tamko lake la mali. Sheria haimlazimishi kufanya hivyo. Inamtaka aikabidhi tume ya maadili basi, nayo tume hulifungia kabatini. Lakini mwezi ujao mswada wake wa fidia ya ukame unapigiwa kura: dinari arobaini kwa kila mzeituni uliozidi miaka thelathini, na sheria inasema mbunge mwenye maslahi katika jambo atangaze na atoke nje kabla ya kura. Anataka tujue kuwa hana maslahi.

Alisoma mwenyewe. Fleti moja ya vyumba vitatu. Gari la mwaka 2009. Akaunti mbili. Hisa, hana. Kampuni, hana. Ardhi, hana.

Mwenzetu wa redio akamchokoza: "Mheshimiwa, mtu wa Sfax bila shamba? Nyumbani wanakuruhusu kuingia?"

"Sina hata shubiri moja ya ardhi, ndugu yangu. Ukiiona mahali, jenga, nitakuletea saruji."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaandika alivyosema, neno kwa neno. Mvua hakuna.

Alhamisi, 6 Novemba.

Kaka yangu Mondher ametuma dumu la lita kumi la mafuta mapya kwa taksi ya abiria, kama kila mwaka. Kila mwaka husema amenunua kwa rafiki. Mafuta mazuri, makali kooni. Mvua hakuna.

Jumapili, 9 Novemba. Bir Ali Ben Khalifa.

Nilikuja kuandika habari ya wavunaji: malipo yao ya siku, magari ya mizigo yanayowabeba wamesimama kama mbuzi, ajali ya mwezi uliopita. Nililala Sfax hotelini kwa sababu Mondher alisema nyumba yake ina wageni.

Shamba nililoelekezwa liko kilomita kumi na mbili kutoka barabara ya lami. Mizeituni imepandwa kwa mistari, hatua ishirini na nne kati ya mti na mti, hadi macho yanachoka. Msimamizi wa wanawake anaitwa Hnia, miaka hamsini na ushei, pembe za mbuzi vidoleni za kuchania matawi, kitambaa kichwani cha rangi mbili. Aliniambia malipo bila kuficha, akaniambia na jina la dereva aliyesababisha ajali. Saa ya chakula tulikaa juu ya wavu wa kukusanyia zeituni, mkate, tuna, harisa ya pilipili na mafuta bakulini.

Nikamuuliza shamba la nani. Swali la kawaida, huandikwa chini ya picha.

"Shamba si la mtu. Ardhi ni ya kabila, imekuwa hivyo tangu babu. Miti ndiyo ina wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Nusu ya mbunge, Makni. Baba yake ndiye aliyetoa fedha. Nusu ya watoto wa marehemu Hmida, aliyepanda kwa mkono wake. Mwanawe wa kiume huja kila Jumapili na gari jeupe, anahesabu magunia yote, yake na ya mheshimiwa. Leo kachelewa."

"Na watoto wengine?"

"Kuna binti, wanasema yuko Tunis. Anaandika magazetini." Akachovya mkate. "Hajawahi kufika. Nadhani hata akioneshwa mzeituni atauliza unazaa nini."

Wanawake walicheka. Nilimaliza kutafuna.

"Huyo binti ni mimi," nikasema.

Hnia alinitazama, kisha akavua pembe moja moja kutoka vidoleni na kuziweka chini. "Basi, mama, umekula chakula cha miti yako mwenyewe. Angalau hukuja na mikono mitupu, umeleta kalamu."

Baba alikufa miaka kumi na moja iliyopita. Mondher aliniambia nusu yetu iliuzwa kulipia hospitali. Nilimwamini, sikuomba karatasi, wala sikuuliza mwenye nusu ya pili ni nani. Mimi, ambaye humwomba karatasi hata mtu anayeniambia ni Jumatatu.

Sikumsubiri mwenye gari jeupe. Nilirudi Sfax, nikapanda garimoshi la mchana.

Jumatatu, 10 Novemba.

Nimeisoma fomu ya tamko la mali mara tatu. Kurasa tisa. Inauliza ardhi, majengo, magari, vyombo vya majini, vito, michoro ya thamani, mifugo, hata farasi wa mashindano. Hakuna mstari wa miti. Walioiandika walikaa ofisini Tunis, ambako mti ni wa mwenye kiwanja na mazungumzo yameisha. Kwetu kusini mti huuzwa, hurithiwa na huwekwa rehani bila ardhi iliyo chini yake. Makni hakusema uongo hata mahali pamoja. Ndiyo maana aligawa nakala.

Jumatano, 12 Novemba. Sfax.

Mzee Jallel ndiye mwandishi wa hati aliyefunga mkataba wa Baba na wa babake Makni, mwaka 1974. Bado ana ofisi, chumba kimoja karibu na soko la samaki, na madaftari yake yote ukutani.

Nilimwambia nahitaji nakala ya mkataba.

"Unahitaji kama nani, binti yangu? Kama mwandishi wa gazeti, kwaheri, funga mlango vizuri. Kama binti wa Hmida, nipe kitambulisho."

Hapo ndipo kila kitu kilipo. Mwandishi yeyote mwingine nchini angerudi mikono mitupu. Mimi nafunguliwa daftari kwa sababu nina sehemu katika jambo ninaloliandikia.

Nilimpa kitambulisho.

Miti 2,640. Nusu kwa nusu. Pembeni, kwa wino mwingine, urithi wa nusu ya Makni mzee kwenda kwa mwanawe wa pekee Chedli: miti 1,320. Chini yake, urithi wa nusu ya Hmida: Mondher 880, Rafika, yaani mimi, 440. Hakuna mauzo. Hakuna hospitali. Mzee Jallel aliweka mihuri miwili, akanitazama juu ya miwani.

"Kaka yako alikuja siku ya kuandika urithi akasema umekubali kwa mdomo asimamie miti yako. Nikamwambia mdomo hauna muhuri. Sikuandika."

"Ahsante, mzee."

"Usinishukuru. Nimeishi na watu wa mizeituni miaka hamsini. Ndugu hugombana kwa sauti ya chini, lakini hawaachi."

Kwa fidia inayopendekezwa, Makni atapata dinari 52,800. Mimi 17,600. Nimeziandika zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Ijumaa, 14 Novemba. Sfax.

Chakula cha mchana kwa Mondher. Kuskusi ya samaki. Hakuna dalili ya wageni wowote nyumbani. Mkewe alipoondoka na sahani niliiweka nakala mezani.

Aliisoma kwa kidole. Akafuta kidole kwa kitambaa, akaisoma tena.

"Ulikwenda kwa Jallel nyuma ya mgongo wangu."

"Nilikwenda mbele ya mlango wake, mchana. Miti yangu iko wapi, Mondher?"

"Iko pale pale, nani ameihamisha? Nani aliyeilima, nani aliyeikata matawi, nani aliyelala shambani mwaka wa wezi? Wewe ulikuwa Tunis unauliza mawaziri maswali. Hukuniuliza mimi hata mara moja."

Hilo ni kweli. Niliandika hilo pia.

"Na miti ya Makni kwa nini unaivuna kwa jina lako?"

"Kwa sababu ameniomba. Kinu cha mafuta kinaandika Mondher, pesa nampelekea mkononi. Mheshimiwa hataki jina lake kwenye mizani." Kisha akashusha sauti: "Dada, sikiliza. Mwezi ujao fidia inapita. Nitakupa zako zote, hadi dinari ya mwisho, na za nyuma tutazungumza. Niache tu hadi kura ipite. Ukiandika, na mimi nimeandikwa. Mimi ndiye jina lililoko kinuni!"

"Najua."

"Unajua na unaendelea kula kuskusi yangu?"

"Imepikwa na mkeo. Mwambie ahsante."

Miaka kumi na moja nimemsifu mtu huyu kwa wenzangu. Kaka yangu wa mafuta. Kutwa nzima nimekuwa nikijaribu kumwona ni yule yule, na ni yule yule kweli: alilala shambani mwaka wa wezi, na alinidanganya kuhusu hospitali. Yote mawili ni yeye.

Jumamosi, 15 Novemba.

Upepo wa vumbi. Mvua hakuna. Mondher amepiga simu mara nne.

Jumanne, 18 Novemba. Tunis.

Besma, mhariri wangu, ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini na huvuta sigara kwa adabu dirishani. Nilimpa habari nzima na nakala. Akaisoma, akarudi mwanzo, akaisoma tena.

"Hii ni nzuri sana. Ondoa sehemu yako."

"Haiondoki."

"Basi nampa mwenzako Walid aitie sahihi. Wewe ubaki chanzo tu."

"Chanzo mwenye miti mia nne na arobaini, asiyetajwa. Tutakuwa tumefanya alichofanya Makni, tena bila hata fomu."

"Rafika, wakijua una miti, watasema ni ugomvi wa urithi. Habari yote itazama humo."

"Watasema hivyo wakigundua wao. Tukiwaambia sisi, kwenye mstari wa kwanza, hawana cha kugundua."

"Umeshawahi kuona habari inayoanza kwa mwandishi kujishtaki?"

"Hapana. Utakuwa wa kwanza kuichapa."

Alizima sigara. Nilimdhania mwoga tangu alipoteuliwa. Nimewahi kumwita hivyo mbele za watu. Akachukua simu akampigia wakili wa gazeti mbele yangu, na alipoambiwa subirini alijibu: "Sikukuuliza kama tusubiri. Nimekuuliza tukishtakiwa unakuja saa ngapi."

Tumekubaliana nimpe Makni nafasi ya kujibu. Barua imekwenda leo saa tisa.

Alhamisi, 20 Novemba.

Hakujibu barua. Alinijia mwenyewe kwenye mgahawa wa Bunge, akavuta kiti, akaagiza kahawa mbili bila kuniuliza.

"Dada Rafika. Baba zetu walikula sahani moja."

"Walikula. Nimeona na mkataba wao."

"Barua yako inaniuliza kama ninamiliki miti. Tamko langu limejibu kila kinachoulizwa. Nitajazaje mstari usiokuwepo? Nichore mzeituni pembeni?"

"Sheria ya kutoka nje ya kura haisemi ardhi, Mheshimiwa. Inasema maslahi."

Alikoroga kahawa isiyo na sukari. "Na yako je? Nikisimama bungeni nikawaambia kuwa mwandishi huyu ni mshirika wangu? Utakula wapi?"

"Hapa hapa. Wana kahawa mbaya lakini nimezoea."

"Unadhani natania."

"Hapana. Ndiyo maana nakuomba uniambie sasa, niandike: unamiliki miti 1,320 Bir Ali Ben Khalifa, ndiyo au hapana?"

"Naona kaka yako mtu mwema," akasema. "Itakuwa vibaya akipoteza usingizi kwa ajili yako."

Niliandika sentensi hiyo mbele yake na saa yake: nne na dakika ishirini na tano. Akaniuliza ninaandika nini. Nikamsomea. Aliondoka na kuacha kahawa zote mbili nizilipe. Nimehifadhi risiti.

Jumapili, 23 Novemba.

Mvua! Siku nzima, Sfax hadi Kasserine. Hnia amepiga simu: nyavu zimejaa maji, hakuna anayeingia shambani kabla ya siku nne. "Miti inakunywa," akasema. "Na sisi tunakaa njaa tukiitazama inakunywa."

Jumatano, 26 Novemba.

Gazeti limetoka. Aya ya kwanza, kama ilivyochapwa:

*Mwandishi wa habari hii anamiliki mizeituni 440 katika shamba linaloelezwa hapa. Hakujua hadi tarehe 9 mwezi huu. Nakala ya mkataba aliipata kwa haki yake kama mrithi. Kama mwandishi asingeipata. Mswada ukipita, hatachukua fidia, na ameandika hivyo kwa mwandishi wa hati. Kaka yake, Mondher, ndiye anayevuna miti ya Mbunge Chedli Makni kwa jina lake.*

Kisha habari yenyewe, nakala ya daftari, na swali langu la mgahawani na jibu lake.

Mondher hajapiga simu. Ni siku ya kwanza tangu tarehe 15.

Ijumaa, 28 Novemba.

Matope. Wavunaji walirudi shambani jana, si leo kama nilivyotangulia kuandika. Nimefuta.

Jumanne, 2 Desemba.

Mbunge mmoja wa Mahdia amepelekea tume karatasi ya ziada: "Miti 200, ardhi ya kabila." Hakuna aliyemlazimisha. Mwingine wa Sidi Bouzid amepeleka ya miti 65 na kuniambia mlangoni mwa Bunge: "Ya kwangu inazaa mwaka mmoja, wa pili haizai, dada, andika na hilo, wasidhani mimi tajiri."

Ijumaa, 5 Desemba.

Wabunge waliotangaza miti wamekuwa saba. Makni hayumo.

Barua imefika gazetini kutoka kwa wakili wake: tuombe radhi ndani ya saa arobaini na nane. Besma ameibandika ukutani karibu na ratiba ya likizo.

Jumatatu, 8 Desemba. Sfax.

Hnia aliniambia nisije shambani kwa sasa, nikaja. Alikuwa anapepeta zeituni kwenye upepo na hakuacha kazi.

"Nina miti thelathini," alisema. "Ya mama yangu. Dinari elfu moja na mia mbili za fidia. Makaratasi yako yakiangusha mswada, utanilipa wewe?"

"Hapana."

"Angalau husemi uongo."

"Sijaandika kuwa fidia ni mbaya. Nimeandika kuwa anayeigawa asijigawie kwanza."

"Huo ni mkono mzuri wa kuandika. Miti yangu ina matawi makavu." Akamwaga ungo. "Lakini leo asubuhi kaka yako amenilipa mbele ya watu wote na amesema, hizi za Makni, hizi zetu. Mafungu mawili. Miaka tisa nafanya kazi hapa, sijawahi kumsikia akitaja fungu la Makni kwa sauti."

Sikumwona Mondher. Gari jeupe lilikuwa upande wa pili wa shamba.

Jumanne, 16 Desemba. Tunis. Kura.

Nimeandika ukumbini na sasa naandika tena kwa utaratibu, maana vyombo vingine vimeshaanza kupotosha.

Saa tano na robo Spika alisoma kifungu cha mgongano wa maslahi na kuwaomba wenye maslahi watoke. Walitoka saba. Mmoja mmoja, wamebeba mafaili yao, wa Mahdia mbele. Ukumbi uliwapigia makofi, jambo ambalo sijaliona katika miaka ishirini na saba.

Makni alibaki kwenye kiti cha mwenyekiti wa kamati.

Mbunge wa Kasserine, mama mmoja mwenye sauti nzito, Latifa Nasri, alisimama kuhusu utaratibu. "Mheshimiwa Spika, nahesabu walioondoka saba. Nilisoma gazetini nikapata wanane. Hesabu yangu mbovu au mtu amesinzia?"

Vicheko. Spika akagonga.

Makni alisimama. Alianza vizuri: fomu, mistari ya fomu, uadilifu wake, baba yake. Kisha akaelekeza kidole juu, kwenye jukwaa la waandishi, kwangu. Wabunge wote wakageuka.

"Na huyu anayetufundisha maadili! Mwulizeni yeye! Ana miti mia nne na arobaini, imo ndani ya shamba langu, mafuta yake amekula miaka kumi na moja, leo anajifanya..."

Hakumaliza, kwa sababu Latifa Nasri hakuwa ameketi.

"Ndani ya shamba gani, Mheshimiwa?"

Makni aligeuza karatasi zake.

"Nimesikia vibaya labda. Ndani ya shamba la nani?"

Nilikuwa na saa mkononi. Makni alikaa kimya kwa sekunde kumi na nne. Katibu wa Bunge, anayeandika kila neno, aliinua kichwa na kusubiri aendelee, kisha akainamisha kichwa na kuandika yaliyokwisha kusemwa. Hakuna mtu aliyecheka safari hii. Kuhusu miti yangu hakuna aliyeniuliza hata mmoja. Walikuwa wameshaisoma habari yake gazetini wiki tatu zilizopita.

Makni alikusanya karatasi zake. Akapitia mlango wa pembeni, si ule waliotokea wale saba.

Mswada haukuanguka. Ulirudishwa kamatini kwa kura 71 dhidi ya 58, uletwe tena Februari na mwenyekiti mwingine, na fomu iongezwe mstari. Kwa hiyo Hnia anasubiri hadi Februari. Niliandika hilo kwenye habari, aya ya tatu. Besma alitaka liende chini. Limebaki la tatu.

Jumatano, 17 Desemba.

Hnia kwa simu: "Februari, mama. Nimekusikia." Akakata.

Jumamosi, 20 Desemba.

Jua, baridi. Upande wa mashariki wa shamba haujavunwa bado. Ndiko iliko miti yangu, kwa mujibu wa Mzee Jallel, ambaye jana alitembea nayo mstari kwa mstari akitia alama ya chokaa na kulalamika magoti.

Saa nne asubuhi simu iliita. Mondher.

Hakuniuliza kama nimekula. Aliniuliza nitavuna lini.

"Jumatatu. Hnia na wanawake tisa."

Nilisikia jogoo upande wake.

"Ngazi zote za kuvunia ziko kwangu," akasema.

"Najua. Nimeshanunua zangu."